Bibi Tusekile wa Lyulilo, Mpiga Mbiu Aliyepeleka Majibu Bomani

Leo, Jumamosi tarehe 27 Septemba 1913, Bibi Tusekile anaiweka chini pembe yake baada ya kulitumikia soko la Lyulilo na ufuko huu wa kaskazini kwa miaka kumi na saba. Wasifu huu umeandikwa na mwenzake kazini, Mwalimu Zebedayo, ambaye amekuwa mkalimani wake kila alipopanda bomani, na utasomwa hapa sokoni kabla chakula hakijapakuliwa. Mstaafu mwenyewe aliomba usiwe mrefu. Ombi lake lilisikilizwa, ila halikukubaliwa.

Kwa wageni waliofika asubuhi hii na mitumbwi, inafaa kueleza kazi yenyewe. Siku ya soko mpiga mbiu hupuliza pembe, watu wakakusanyika, naye akatangaza amri zilizotoka bomani. Hapa kwetu lazima atangaze mara tatu: kwa Kikisi, ili wafinyanzi na wavuvi wasikie, kwa Kinyakyusa, kwa ajili ya wakulima wa Talatala, Makwale na kwingineko, na kwa Kiswahili, kwa wafanyabiashara wapitao na kwa askari anayesimama pembeni kuhakikisha kwamba amri haikupunguzwa chumvi. Ni kazi ya kuchosha koo. Tena ni kazi ya lawama, kwa sababu amri ikiwa chungu, anayeonekana ni mpiga mbiu, na mwenye amri yuko mbali anakunywa kahawa.

Bibi Tusekile hakuiomba kazi hii. Aliyeajiriwa kwanza alikuwa mumewe, Mzee Eliya, ambaye leo ameketi pale mbele na shati jipya. Boma lilikuwa bado ufukweni, halijahamia milimani, na Eliya alichaguliwa kwa sababu alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye katikati ya ziwa. Baada ya miezi michache homa ya kifua ilimshika, na alipoinuka kitandani sauti ile haikuinuka naye. Mpaka leo husema kwa kunong'ona, na wanaomjua wanasema ndiyo sababu ndoa yao imedumu.

Siku ya soko iliyofuata askari alikuja na amri, akakuta mpiga mbiu amelala chini ya blanketi. Askari akakasirika. Tusekile alikuwa anapanga vyungu vyake vya kuuza. Akavisogeza, akachukua pembe ya mumewe, akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaipuliza. Kisha akaitangaza amri kwa lugha zote tatu bila kurukaruka. Askari alitazama huku na huku akitafuta sababu ya kumkataza, asiione. Wiki iliyofuata alimletea kofia nyekundu ya kazi. Kofia ilikuwa kubwa mno, ikimshuka mpaka kwenye pua, kwa hiyo aliitumia kubebea mayai. Ofisa mmoja aliyekuja kukagua alimuuliza kofia ya serikali iko wapi, naye akamwonyesha, ikiwa imejaa mayai, akamkaribisha achukue mawili. Ofisa alichukua mawili.

Miaka ile ya mwanzo haikuwa ya kuchekesha sana, hata hivyo. Vijana wa leo hawawezi kuamini, lakini pembe ilipolia watu walikuwa wanakimbia. Akina mama waliacha samaki juu ya majani ya mgomba, wanaume walisukuma mitumbwi majini, na wakulima waliingia migombani na ndizi zao kichwani. Kila mtu alijua kwamba pembe italeta kazi ya barabara, au mizigo ya kubeba hadi mbali, au kodi. Neno la boma lilikuwa kama mvua ya mawe: likianguka unajificha, likipita unatoka, na hakuna mtu mwenye akili anayejibizana na mvua ya mawe. Siku moja Bibi Tusekile aliitangaza amri yote, kwa lugha zote tatu, mbele ya bibi kizee mmoja kiziwi na mbuzi. Anasema mbuzi ndiye aliyesikiliza vizuri zaidi.

Siku ile ndiyo iliyomkera. Alituambia baadaye kwamba alishuka kwenye mtumbwi akijiona mpumbavu, akamkuta jirani yake Anyisile, mfinyanzi kama yeye, anatoka kwenye matete alikokuwa amejificha.

"Umetangaza nini?" Anyisile aliuliza.

"Barabara tena. Wanaume wote wiki nzima, kuanzia Jumanne."

"Jumanne tunachoma vyungu. Nani atatuletea nyasi na kuni kwa mtumbwi?"

"Mbona unaniambia mimi?"

"Nimwambie nani basi?" Anyisile akasema, akaokota kapu lake na kwenda zake.

Bibi Tusekile alilala na swali hilo, akaamka nalo. Siku ya soko iliyofuata, alipomaliza kutangaza, hakushuka. Alisimama juu ya mtumbwi wake na kuuliza, kwa lugha tatu kama kawaida yake: "Mmesikia. Sasa na mimi nirudi na neno gani?"

Wachache waliokuwa hawajakimbia walitazamana, wengine wakacheka, na jumbe wetu, Bwana Ambilikile, akamwambia aache mambo ya kitoto. Lakini siku ya soko nyingine akauliza tena, na nyingine tena, mpaka watu wakazoea swali lile kama walivyozoea pembe. Hatimaye Anyisile alisimama katikati ya vyungu vyake na kusema: "Waambie kazi ya barabara isianze siku ya kuchoma vyungu. Hatukatai kazi. Tunasema siku."

Boma lilikuwa limekwisha kuhamia milimani wakati huo, na kupanda huko si mchezo. Bibi Tusekile alipanda. Mwandishi wa wasifu huu, wakati ule mwalimu mgeni kwenye shule ya misheni, aliombwa kumfuata kwa sababu ya Kijerumani chake kidogo cha darasani. Tulipokelewa na ofisa mdogo aliyedhani tumekuja kuuza chungu.

"Anataka nini huyu mama?" aliniuliza.

"Sitaki kitu," Bibi Tusekile alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nimetumwa. Nilileta neno lenu kule chini, na sasa nimeleta neno lao huku juu."

Ofisa alicheka. Bibi Tusekile hakucheka, wala hakuondoka. Alieleza habari za udongo, za nyasi, za moto ambao ukikosa kuni za kutosha chungu kinatoka kibichi, na za wanaume wanaopiga kasia. Ofisa aliacha kucheka, akasema kwamba kwake yeye Jumanne na Alhamisi ni sawa tu. Tulirudi na Alhamisi.

Alhamisi hiyo ilileta mabadiliko ambayo hakuna askari angeweza kuyaleta. Barabara ilibaki barabara, jasho likabaki jasho, lakini neno lilikuwa limepanda mlima likashuka likiwa na jibu, na kila mtu aliliona. Siku ya soko iliyofuata pembe ilipolia, mitumbwi michache tu ndiyo iliyosukumwa majini. Baada ya mwaka hakuna aliyekimbia tena. Baada ya miaka miwili watu walikuwa wanasogea karibu ili wasikie vizuri, na kubishana kuhusu jibu kabla hata swali halijaulizwa.

Isidhaniwe kwamba kila mtu alifurahi. Bwana Ambilikile alimwambia waziwazi kwamba kazi ya kusema na boma ni ya jumbe, na mwanamke amepewa pembe akakisahau chungu. Wazee kadhaa walisusa. Na mwaka ule wa vita vya kusini, boma lilipokuwa linashtuka hata kwa mlio wa bata, mikusanyiko ilikatazwa na pembe ikachukuliwa. Bibi Tusekile hakubishana. Alikwenda nyumba kwa nyumba, toka Matema hadi mtoni, akitangaza amri mlangoni kwa kila mtu na kuuliza jibu mlangoni. Viatu hakuwa navyo. Pembe iliporudishwa, watu waliipokea kwa vigelegele kana kwamba ni mtoto aliyepona.

Sasa tufike kwenye mwaka 1911, ambao wengi wenu mnausubiri tangu nilipoanza kusoma.

Ilikuja amri kwamba soko la Lyulilo lifungwe. Soko jipya litajengwa juu, kando ya barabara, mbali na maji, na mkubwa wake ataletwa na boma. Atakayeendelea kuuza ufukweni atachapwa viboko na mtumbwi wake utachomwa moto. Bibi Tusekile aliipokea amri hiyo kwa askari. Anyisile alimsihi asiitangaze.

"Ukinyamaza hatujasikia," alisema. "Na kama hatujasikia, hatuna kosa."

"Nikianza kuwaficha maneno ya boma, kesho nitaficha na ya kwenu," Bibi Tusekile akamjibu. "Nitaitangaza yote."

Akaitangaza yote, pamoja na viboko na moto. Kelele zilizofuata zilisikika mpaka ng'ambo. Vyungu vya Kikisi huja kwa mtumbwi. Mtumbwi haupandi kilima. Mwanamke atabeba vyungu vingapi kichwani kwa njia ile ya mawe, na vingapi vitafika vizima? Samaki nao wangefika wakinuka. Kwa wafinyanzi na wavuvi hiyo ilikuwa njaa iliyotangazwa kwa lugha tatu.

Lakini soko si la wafinyanzi na wavuvi peke yao. Yakobo wa Talatala, mkulima wa mpunga na ndizi, mtu mwenye kusema taratibu na kusikilizwa, alisimama.

"Mimi sitawadanganya," alisema. "Sisi wa Talatala tunatembea mbali kuja hapa. Soko likihamia barabarani, kwetu ni nafuu. Amri hii ni nzuri kwetu."

Watu walimzomea. Bibi Tusekile alipuliza pembe mpaka wakanyamaza.

"Ndaga, tata," alimwambia Yakobo, yaani ahsante baba. "Hilo nalo ni neno, na nitalipeleka."

Ndipo alipopendekeza jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika ufuko huu. Anayetaka soko libaki asimame upande wa mitumbwi. Anayetaka lihame asimame upande wa migomba. Kila mtu mzima, awe mnunuzi au muuzaji. Mzee mmoja alipinga, akasema wanawake wakae kando kwanza wanaume wamalize.

"Pembe ilipolia, iliita wanaume tu?" Bibi Tusekile alimuuliza. "Na vyungu vilivyokatazwa kuuzwa hapa vimefinyangwa na nani?"

Kabla mzee hajafungua tena mdomo, wanawake walikuwa wamekwisha kutembea. Upande wa mitumbwi ulijaa mpaka wengine wakasimama majini. Upande wa migomba nao haukuwa mtupu: Yakobo alikuwa pale na watu wake, wamekunja mikono, wanaangaliwa vibaya.

Mtu mwingine angefurahi na kufunga safari. Bibi Tusekile hakuridhika. Alisema hawezi kupanda bomani na neno ambalo nusu ya Talatala inalitemea mate, kwa sababu boma litawatumia wale kuwapiga hawa. Akaenda kwenye migomba na Anyisile, wakakaa chini na Yakobo. Mazungumzo yalichukua alasiri nzima, na mwanzoni hayakuwa matamu. Yakobo alieleza mizigo ya ndizi inayooza njiani wakati wa mvua, na mkewe aliyewahi kuzama kiunoni kwenye tope akiwa na mtoto mgongoni. Anyisile alikiri kwamba hakuwahi kufikiri juu ya hilo; kwake soko lilikuwa nyumbani siku zote. Mwishoni walikubaliana: soko la Lyulilo libaki palepale ufukweni, na siku nyingine ya wiki kuwe na gulio dogo barabarani, ambako wafinyanzi nao watapeleka vyungu vichache ili wakulima wasiteremke kwa ajili ya chungu kimoja. Mkubwa wa soko asiletwe, achaguliwe na wanaouza na kununua. Wakasimama tena, na safari hii hakuna aliyebaki kwenye migomba.

Tulipanda bomani, Bibi Tusekile na mwandishi huyu. Ofisa mkubwa wa wakati ule alikuwa mtu wa haraka. Alisikiliza akiwa amesimama, na uso wake ulibadilika nilipofika kwenye habari ya watu kusimama pande mbili.

"Nani amewaruhusu?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Bibi Tusekile.

"Nani kiongozi wao? Nataka majina."

"Pembe ililia, watu wakaja, wakazungumza. Ukitaka majina, ni ya soko zima."

Ofisa alisema kwamba mama huyu atabaki bomani mpaka kumbukumbu yake itakapokuwa nzuri zaidi. Alifungiwa kwenye ghala la mahindi. Aliponiona nimesimama mlangoni sijui la kufanya, aliniambia kwa utulivu: "Nenda ukatangaze. Unajua lugha zote tatu. Usiongeze kitu."

Nilishuka, na siku ya soko nilipanda juu ya mtumbwi ule. Nilikuwa na hofu. Kikisi changu mpaka leo kinawachekesha watoto, na siku ile nilikiharibu vibaya, lakini hakuna aliyecheka. Bwana Ambilikile alitahadharisha kila mtu arudi nyumbani kabla mambo hayajawa makubwa. Wachache walianza kukusanya vikapu vyao, na nilidhani nimeiona tena ile miaka ya kukimbia. Kisha Anyisile alifunga khanga yake kiunoni.

"Tuliomtuma ni sisi," alisema. "Kama jibu letu limemfungisha, twende tukalijibie wenyewe."

Akamtazama Yakobo. Hapo ndipo Yakobo angeweza kusema kwamba haya ni mambo ya wafinyanzi, na hakuna ambaye angemlaumu sana. Alikuwa na mpunga shambani, na amri ile, kama ilivyoandikwa, ilikuwa inamfaa. Aliinamisha kichwa kidogo, akachukua fimbo yake ya kutembelea.

"Wa Talatala wanaijua njia ya juu kuliko ninyi," alisema. "Sisi tutatangulia."

Msafara ule haujasahaulika. Wakulima mbele, wafinyanzi nyuma yao, kila mmoja na chungu kimoja kichwani, wavuvi mwisho wakilalamika juu ya kilima kwa sababu miguu yao imezoea mitumbwi. Makwale walituongezea watu na ndizi za njiani. Tulipofika hatukupiga kelele. Watu waliketi nje ya ukuta wa boma, wakaweka vyungu vyao mbele yao, wakangoja. Askari walitoka na bunduki, wakatazama vyungu, wakatazamana. Mmoja, mwenyeji wa huku, alishindwa kujizuia na kumsalimia shangazi yake: "Ugonile?" Shangazi aliitikia vizuri na kumuuliza habari za watoto.

Ofisa alitoka, mikono nyuma. Aliniita nitafsiri.

"Waambie amri ile niliitoa kwa faida ya wakulima. Hawa wafinyanzi wanawachochea."

Nikatafsiri. Yakobo alisimama, akavua kofia yake ya ukindu.

"Bwana, mimi ni mkulima," alisema. "Hawa wote waliokaa mbele ni wakulima. Ni kweli amri ilikuwa kwa faida yetu. Lakini tumekaa na wenzetu tukazungumza, na tumepata jambo lililo bora kuliko amri. Mama aliyeko ghalani alikuja kukueleza jambo hilo, neno letu na neno lao, bila kupendelea. Ungemsikiliza mpaka mwisho, tusingechoka miguu."

Nilitafsiri yote, hata ile ya miguu, ingawa nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Ofisa alitembea kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho na kurudi. Alikuwa anatafuta upande wa kuuegemea, na hakukuwa na pande.

"Kama hata wanaofaidika nayo hawaitaki," alisema mwishowe, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, "basi ninaitoa kwa ajili ya nani?"

Akaagiza ghala lifunguliwe. Bibi Tusekile alitoka na unga wa mahindi kwenye nywele, akaona watu, akaona vyungu, akaona Yakobo. Wale waliokuwa karibu wanasema alilia. Yeye anasema ni unga. Ofisa alimwambia aanze tena kueleza tangu mwanzo, na safari hii aliketi. Kabla jua halijashuka tulikuwa na ruhusa: soko libaki, gulio liwepo, mkubwa wa soko achaguliwe.

Kushuka kwetu mlima siku ile siwezi kukueleza kwa maandishi. Waliokuwapo wanajua. Nyimbo zilianza juu kabisa kwa Kinyakyusa, zikabadilika kuwa za Kikisi tulipoliona ziwa, na vyungu vile vilivyopanda vizima vilishuka vikipigwa kama ngoma. Viwili vilipasuka, na wenyewe walifurahi tu. Mzee Eliya alitupokea njiani. Alimnong'oneza mkewe jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyelisikia, na tumemuuliza mara nyingi, amekataa kusema.

Uchaguzi wa mkubwa wa soko ulifanyika siku chache baadaye. Watu wengi walimtaka Bibi Tusekile mwenyewe, wakaanza kusimama nyuma yake kabla hata jina lake halijatajwa. Alihama mahali. Wakamfuata. Akahama tena, mpaka soko zima likawa linazunguka kama kuku wanaomfuata mwenye mtama. Hatimaye alipanda mtumbwi na kukataa. "Nikiwa mkubwa wa soko," alisema, "siku nikiwakosea, nani ataniletea malalamiko yenu?" Alichaguliwa Raphaeli, mvuvi mwenye subira, na pamoja naye baraza la soko ambamo wafinyanzi wanakaa na wakulima, Anyisile upande mmoja na Yakobo upande wa pili. Wanabishana kila wiki. Soko halijawahi kuwa kubwa kama lilivyo sasa, na gulio la barabarani limepata paa.

Bwana Ambilikile naye hatumsahau. Mwaka jana, boma lilipotaka watu wa kufyeka mipaka, alisimama mbele ya mkutano wake mwenyewe, akakohoa, na kuwauliza watu wana maoni gani. Walikuwa na maoni mengi. Alirudi nyumbani usiku akiwa hoi, na kesho yake alikuja kumuuliza Bibi Tusekile namna ya kuwanyamazisha. Bibi alimwambia hakuna namna. Tangu hapo ni marafiki.

Mrithi wake amepatikana asubuhi hii, na nyote mmeshuhudia. Walijitokeza wawili, Aliko wa Makwale na Angetile, binti wa mvuvi wa Matema, na kila mmoja alipuliza pembe na kutangaza kwa lugha tatu bei ya samaki ili tupime sauti zao. Watu waligawanyika vikali, wakajibizana, wakahamahama, na Angetile akashinda kwa watu wachache tu. Aliko alikuwa wa kwanza kumshika mkono. Habari imepelekwa bomani ili wajue, na hakuna aliyefikiria kuomba ruhusa.

Katika uchaguzi huo limetokea jambo ambalo pengine wengine hawakuliona. Kwa miaka yote hii, kila watu walipogawanyika, Bibi Tusekile alibaki juu ya mtumbwi wake, hana upande, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba maneno ya wengine. Hatukuwahi kujua yeye mwenyewe anataka nini. Leo, alipokwisha kuiweka pembe chini, alishuka, akasimama mchangani akituangalia, kisha akatembea polepole mpaka upande wa Aliko. Upande wake ukashindwa. Wanaomjua wanasema hawajawahi kumwona akicheka vile.

Bibi Tusekile, soko la Lyulilo linakushukuru, la vyungu na la samaki, la mpunga na la ndizi. Wa Kikisi na wa Kinyakyusa wanasema ndaga fijo, nasi wa Kiswahili tunasema ahsante sana. Urudi kwenye udongo wako ukiwa na afya, chungu chako kitoke kwenye moto kikiwa kizima, na Mzee Eliya aendelee kukunong'oneza kwa miaka mingi. Na siku ya soko ijayo ukiwa na neno la kusema, simama kati yetu ulitoe, tutalipeleka.